Injini ya Kombi imegoma kushuka: dalili, sababu na namna ya kuikwamua

Kombi ya zamani ya Volkswagen ni gari ambalo mtu anaweza kushusha injini yake nyumbani akiwa na jeki ya magurudumu, spana za kawaida na mwenzake mmoja wa kumsaidia. Injini inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna radieta wala paipu za maji. Iko nyuma, na kilichoiunganisha na giaboksi ni bolti na nati za sehemu nne tu, za spana namba 17. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya asubuhi moja. Kisha inafika saa tisa alasiri, nati zote ziko kwenye kopo, na injini haijasogea hata unene wa ukucha.

Nimeandika kwa ajili ya saa hiyo ya tisa. Ninazungumzia hasa injini ya 1600 (ujazo wake kwa cc) yenye kava kubwa la feni lililosimama wima, ambayo mafundi wengi wanaifahamu kutoka kwenye Kombi na kwenye kobe (Volkswagen Beetle). Zile kubwa zaidi, za 1700, 1800 na 2000 zilizoingia miaka ya 1970, zina feni iliyokaa mwishoni mwa injini na ni nzito zaidi, ila sababu za kugoma ni zilezile.

Tangu nianze kuzishusha, injini hizi zimenigomea kwa mambo mawili tu: ama kuna kitu bado kimeishika, ama imekaa mkao mbaya juu ya jeki. Kwa hiyo ikigoma, weka chini mtaimbo uchukue tochi. Kinachovunjika kwa nguvu hapa ni klachi pleti, masikio ya giaboksi (pale bolti zinapopita) na ncha ya shafti ya giaboksi, na vyote vitatu ni ghali kuliko saa moja ya kutafuta.

Gari linasogea au linatikisika ukiwa chini yake

Toka kwanza. Handibreki ya Kombi inashika magurudumu ya nyuma, na gia nayo inashika magurudumu hayohayo. Ukishanyanyua nyuma, vyote viwili havina faida tena, gari lina uhuru wa kwenda mbele kwa magurudumu ya mbele. Yatie kabari magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila moja, kabla jeki haijapanda. Stendi zikae chini ya fremu au chini ya bomba nene la tosheni (springi ya kusokota), si kwenye bati la sakafu, na ardhi iwe ngumu. Kwenye udongo weka mbao pana chini ya kila stendi. Ukimaliza, lisukume gari ubavuni kwa mikono miwili. Likitikisika, anza upya. Usilale chini ya Kombi iliyobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia nati.

Petroli inachuruzika baada ya kuchomoa mpira

Tangi liko juu kuliko pampu, kwa hiyo petroli hushuka yenyewe. Usiiachie iishe. Bana mpira kwa kibanio chenye midomo laini kabla ya kuuchomoa, kisha uzibe kwa bolti inayoingia kwa kukaza. Mpira ukipasuka ulipobanwa, au ukatoa ufa kama udongo uliokauka, ulikuwa umekufa tayari na hautakiwi kurudi kwenye gari. Ubadilishe wote, kuanzia tangini hadi kwenye pampu, sasa hivi wakati mkono unafika.

Hapa sipunguzi neno. Bodi ya injini ya 1600 imetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu. Moto wa petroli ukidumu hadi bodi hiyo ikashika moto, kumwaga maji kunauongeza. Kabla ya kugusa mpira wa petroli, ondoa waya wa hasi wa betri, ipeleke nje taa yoyote ya moto na weka kizima moto cha unga pale mkono unapofika. Kombi nyingi nzuri zimeishia kuwa majivu kwa sababu ya mpira mmoja mkavu.

Bolti ya juu inazunguka pamoja na nati

Mpangilio wa bolti mbili za juu haufanani kwa miaka yote, na hapo ndipo mtu hupoteza saa. Kwenye Kombi za mwanzo nati iko ndani ya chumba cha injini, nyuma ya kava la feni, mahali pa kufanyia kazi kwa kupapasa. Kichwa cha bolti kiko upande wa giaboksi. Mmoja analala chini na kushika kichwa, mwingine anafungua nati kutoka juu. Ukiwa peke yako, funga spana ya chini kwa waya mgumu ili iegemee bodi ya giaboksi.

Kwenye za baadaye, bolti ya kulia ina kichwa kilichokatwa upande mmoja mfano wa herufi D. Kinaingia kwenye kidato cha injini na kujishikilia, nati inafunguliwa kutoka chini upande wa stata. Ikizunguka, kichwa kimeruka kutoka kidatoni. Ingiza mkono nyuma ya kava, kisukume kirudi, na mwenzako akivute kwa kidole huku wewe unafungua. Kama nati imeliwa kona, soketi ya pembe sita bado inaweza kuishika pale ambapo ya pembe kumi na mbili inateleza.

Nati mbili za chini ni rahisi, zimekaa kwenye bolti zisizo na kichwa zilizofungwa kwenye bodi ya injini. Wakati mwingine bolti yote hutoka pamoja na nati. Hakuna ubaya, mradi meno ya bodi yametoka salama. Siku ya kurudisha, isafishe, irudishe peke yake kwanza, ndipo injini ipande.

Nati zote zimetoka, injini haiachani na giaboksi

Hili ndilo tatizo lenyewe, na lina sababu zaidi ya moja, kwa hiyo nenda nalo kwa utaratibu.

Hesabu kwanza nati zilizo kwenye kopo. Nimeitwa mara nyingi na watu walioapa kwamba wamefungua zote nne, tukakuta tatu. Inayosahaulika ni ya juu kulia, kwa sababu hiyo hiyo bolti inaishika pia stata na mtu huihesabu kama bolti ya stata. Kama Kombi yako ina gia za kujiendesha, kuna bolti nyingine tatu zinazofunga toki konveta (inayokaa mahali pa klachi), zinazofikiwa kupitia tundu moja huku ukizungusha injini kidogo kidogo. Bila kuzitoa hizo hakuna kitakachoachana.

Baada ya nati, fuata kila kitu kinachotoka kwenye mwili wa gari kwenda kwenye injini. Mimi huanza juu kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa: kebo ya eksileta, waya wa koili, waya wa choki ya kabureta na wa kifunga petroli, waya za dainamo au altaneta, waya mmoja mwembamba wa swichi ya presha ya oili, paipu kubwa mbili za hewa ya joto. Chini kuna kebo mbili za hita, moja kila upande, zimefungwa kwenye maboksi ya joto pembeni mwa injini, na kutu yake ni ya kutisha. Kama breki zina sevo, kuna mpira wake pia. Kila waya uufungie kipande cha gundi ya karatasi chenye jina lake kabla ya kuuchomoa, na piga picha kwa simu. Waya wa koili na wa choki ukivichanganya siku ya kurudisha, utatafuta ugonjwa ambao injini haina.

Kebo ya eksileta ndiyo iliyonifundisha kutumia tochi. Inatoka giaboksini, inapita ndani ya kijibomba kilichotoboa kava la feni, na kuishia kwenye kabureta. Siku moja tulivuta injini karibu saa nzima, ikija nusu sentimita na kurudi kama inavutwa na mtu upande wa pili. Nilipomulika kutoka ubavuni niliiona: imenyooka kama uzi wa gitaa, skrubu yake ndogo kwenye kabureta bado imekazwa. Tulifungua skrubu, injini ikaja kwa kusukumwa na goti. Tangu hapo ikirudi kwa namna hiyo, kama ina springi, najua ni kebo au waya. Ikiwa ngumu kabisa bila kurudi, najua ni nati au kutu.

Vyote vikiwa huru na bado imeganda, angalia mwanya kati ya uso wa injini na uso wa giaboksi. Hapa ndipo jeki inaposema. Mwanya ukiwa mpana juu na umefunga chini, mkia wa injini (upande wa bampa) umelala: pandisha jeki kidogo, au isogeze nyuma zaidi kuelekea upande wa bampa. Ukiwa mpana chini na umefunga juu, mkia umepanda: shusha jeki kwa robo ya mpini, usishushe kwa pupa. Ukiwa mpana kushoto kuliko kulia, injini imegeuka, isukume ubavuni. Lengo ni mwanya ulio sawa pande zote, hata kama ni wa milimita 2 tu. Ukishaupata, injini huanza kuteleza kwa mkono. Kaa na tochi ukitazama mwanya huo kuliko kukaa na mtaimbo.

Mwanya uko sawa na bado haiji? Sasa fikiria kutu. Shafti ya giaboksi inapita katikati ya klachi pleti kwa meno, na ncha yake imekaa kwenye beringi ndogo katikati ya flaiwili. Kombi iliyolala miaka mingi penye unyevu huota kutu kwenye meno hayo. Weka gia ya nne, na mwenzako azungushe puli ya injini kwa spana, mbele kidogo, nyuma kidogo, huku wewe unaitikisa injini kushoto na kulia. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kupitia mwanya, kidogo tu, ukijua kwamba klachi pleti iliyolowa itabidi ibadilishwe. Kisha acha usiku upite. Ikibidi kutumia kabari, ziwe za mbao, mbili, kila moja upande wake, zikigongwa kwa zamu. Bisibisi ya chuma kati ya nyuso mbili za aloi huacha kidonda kisichopona.

Imesogea sentimita mbili tatu kisha imegoma tena

Injini inatakiwa kurudi nyuma moja kwa moja karibu sentimita 10 kabla haijaanza kushuka, ili ncha ya shafti itoke kabisa. Ikigoma katikati ya safari hiyo, mara nyingi bati la kuzungukia injini limegusa mwili wa gari, au mpira wa pembeni unaoziba mwanya umejikunja na kushika. Ondoa bati la nyuma lililo juu ya eksozi. Kwenye Kombi za kizazi cha pili zilizotengenezwa kati ya mwishoni mwa 1967 na 1971, bati la mwili lililo chini ya mlango wa injini linafunguka kwa bolti, litoe na utapumua. Kuanzia za 1972 limechomelewa, huna budi kuishusha injini ipite chini yake.

Usianze kushusha ukiwa na wasiwasi kama shafti imetoka. Chungulia. Injini ya kilo mia na ushei ikining'inia kwenye shafti, hata kwa sekunde chache, inapinda klachi pleti, nawe utaligundua hilo wiki tatu baadaye gari linapotetemeka kila unapoachia klachi.

Injini inayumba juu ya jeki

Kichwa cha jeki ni kidogo na kimekaa mahali pabaya. Watu hukiweka chini ya kile kibati cha mviringo cha chujio la oili kwa sababu kiko katikati, lakini ni chembamba, kinabonyea na kuvujisha. Weka ubao imara wa upana wa bodi ya injini juu ya jeki, ubao ubebe mapezi ya bodi yenyewe. Maboksi ya joto na mirija ya fimbo za valvu haviwezi kubeba uzito. Mirija hiyo ni myembamba kama kopo la maziwa. Fungia injini kwenye jeki kwa mkanda, na mmoja wenu asimame ubavuni kuiongoza tu, akijua kwamba ikianza kuanguka anaruka pembeni na kuiacha ianguke.

Imeshuka lakini haipiti chini ya gari

Gari halijapanda vya kutosha. Pima kabla hujaanza: kutoka chini ya ubao wa jeki hadi kilele cha kava la feni, ongeza urefu wa jeki ikiwa chini kabisa, kisha linganisha na nafasi chini ya bati la nyuma. Ukikwama tayari, kutoa kabureta na chujio la hewa hupunguza kimo kidogo. La sivyo ishushe injini kutoka kwenye jeki hadi juu ya kipande cha zulia kuukuu, uivute kama mzigo. Inateleza vizuri kuliko unavyodhani.

Giaboksi imeinama baada ya injini kutoka

Kombi za kizazi cha pili zina mhimili unaobeba injini kwa nyuma, na nyingi kati yake hutegemea mhimili huohuo kubeba mkia wa giaboksi. Ukiutoa, giaboksi inaning'inia kwa mpira wa mbele na shafti za magurudumu. Iwekee ubao na jeki ya pili kabla ya nati ya mwisho, au ubao unaolala juu ya fremu pande mbili na mkanda wa kuinyanyua. Iliyoinama usiku kucha huchana mpira wake wa mbele.

Kuna oili kwenye flaiwili: imetoka wapi?

Chovya kidole na unuse. Oili ya injini ni nyeusi na nyepesi, na inanuka moshi. Ya giaboksi ni nzito, ya rangi ya asali, na ina harufu kali ya kiberiti ambayo haisahauliki. Ya kwanza inatoka kwenye sili kubwa nyuma ya flaiwili au kwenye ringi ya mpira iliyo ndani yake. Ya pili inatoka kwenye sili ndogo ya shafti ya giaboksi. Kama ni ya injini, usibadilishe sili peke yake kabla hujapima mchezo wa krenki (shafti kuu ya injini) wa kwenda mbele na nyuma. Kipimo chake ni milimita 0.07 hadi 0.13, na mwisho ni 0.15. Ukiushika flaiwili kwa mikono miwili, ukauvuta na kuusukuma, ukasikia *tok, tok*, umeshapita hapo, na sili mpya haitadumu. Tatizo liko kwenye beringi kuu, na hilo ni la kufungua bodi.

Injini hairudi mahali pake

Klachi pleti haikuwekwa katikati wakati wa kukaza presha pleti. Ukiwa na shafti kuukuu ya giaboksi, itumie kuipanga. Kisha paka meno ya shafti grisi kidogo sana, weka gia, pandisha injini kwa mwanya uleule wa pande zote, na zungusha puli polepole hadi meno yaone njia. Nyuso za injini na giaboksi zikibaki na mwanya wa sentimita 2 na hazifungi, kishawishi ni kuzivuta kwa nati. Usifanye hivyo. Masikio ya giaboksi hukatika kwa mlio mmoja mkavu, na hapo injini imekuwa tatizo dogo. Itoe, ipange klachi pleti upya. Nyuso zikigusana kwa mkono mtupu, ndipo nati zinakazwa, kwa Nm (nyutoni mita) 30 tu.

Imerudi, inawaka, ila kuna kitu si sawa

Gia zinaingia kwa kukwaruza: kebo ya klachi imelegea. Kanyagio linatakiwa kuwa na mchezo wa sentimita 1 hadi 2 juu kabla halijawa zito. Bila mchezo kabisa, klachi inateleza na kuungua.

Taa nyekundu ya oili haiwaki kabisa unapofungua swichi kabla ya kuwasha: ule waya mwembamba haukurudishwa. Urudishe kabla ya safari yoyote, maana bila huo hutajua oili ikikata.

Injini inachemka kuliko zamani: rudi kwenye mpira wa pembeni unaoziba mwanya kati ya mabati ya injini na mwili wa gari. Kazi yake ni kutenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini, inakokaa eksozi. Ukikosekana mahali, feni inavuta hewa iliyokwisha kuchemka na kuirudisha kwenye silinda. Pitisha kidole kuzunguka chumba chote. Popote kidole kinapozama hadi chini, hapo hauko, na mara nyingi ni kwenye kona mbili za upande wa giaboksi, ambako hauonekani ukisimama.